Mabingobingo hayatoi mzigo: kosa liko kwenye mbolea au kwenye nafasi?

Kila Januari, mvua za vuli zikishakatika na ng'ombe wameanza kulia bandani, swali huwa lile lile: "Nimetia Urea, mbona majani hayapandi?" Nami huuliza kwanza mashina yamepandwa umbali gani. Mwenye shamba hunitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mbuzi wakati anauguliwa na kuku. Lakini kwenye majani ya kulishia, nafasi na mbolea ni hesabu moja. Ukigusa moja, umeigusa na ya pili, upende usipende.

Hapa nazungumzia mabingobingo, ambayo wengine huyaita majani ya tembo, na ukivuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya utasikia nepia. Ndiyo yanayobeba ng'ombe wengi wa bandani kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Rungwe, na upande wa Kenya kote kwenye nyanda za juu. Mengi ya haya yanafaa pia kwa majani ya Guatemala na mtama wa malisho, ila vipimo vitabadilika.

Anza na kizibo cha soda

Wengi wetu tunapima mbolea kwa kizibo cha soda. Kikijaa Urea na kusawazishwa kwa kidole, kina takriban gramu 5. Ni kipimo kizuri, lakini kinadanganya usipojua idadi ya mashina yako.

Ekari moja ni mita za mraba kama 4,047. Ukipanda mita 1 kwa mita 1 una mashina kama 4,000. Mita 1 kati ya mistari na sentimita 50 ndani ya mstari, yanakuwa kama 8,000. Sentimita 50 kwa 50, yanafika 16,000. Sasa mpe kila mmoja wa hawa wakulima watatu kizibo kimoja kwa kila shina: wa kwanza ametia kilo 20 za Urea kwenye ekari, wa pili kilo 40, wa tatu kilo 80. Wote watakwambia "nimetia kizibo kimoja kimoja", na wote watakuwa wamesema kweli.

Jirani yangu aliingia kwenye mtego huu. Alikuwa na nusu ekari, mashina yako hatua moja ndefu kila upande, akachukua kipimo kwa shemeji yake aliyepanda kwa kubana. Akatia vizibo vyake kwa uaminifu, asubuhi hadi saa sita. Nilipokwenda kuangalia, mfuko ulikuwa umebaki stoo na kilo karibu 40, umefungwa kwa kamba ya katani, na Urea ndani imeganda kama jiwe la chumvi. Alikuwa ametumia kilo 10 tu, yaani kilo 4.6 za nitrojeni, chakula chenyewe cha majani kilichomo ndani ya Urea. Shamba zima lilikuwa limeonjeshwa mbolea.

Ili uone uzito wa jambo hili: tuseme ekari inatoa tani 8 za majani mabichi kwa mkato mmoja. Ndani yake, maji yakitoka, kitu kikavu ni kama asilimia 18, kilo 1,440. Kama majani yamekatwa kwa wakati na yana protini ya asilimia 9, nitrojeni iliyomo kwenye protini hiyo, iliyobebwa kwenda bandani, ni kama kilo 21. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Kila mkato mzuri, basi, huondoka na karibu mfuko mmoja. Si lazima wote urudi kwa mbolea ya dukani, kwa kuwa udongo na samadi vinachangia, lakini ni lazima urudi.

Na mfuko si mfuko tu. Urea ina nitrojeni asilimia 46, CAN (kalsiamu amonia nitrati) kama 26, SA (salfeti ya amonia) 21. Anayehama kutoka Urea kwenda CAN kwa kizibo kile kile amepunguza chakula karibu nusu bila kujua. Kilo 1 ya Urea ni sawa na kilo 1.8 za CAN, au kilo 2.2 za SA.

Kabla ya kulaumu, pima mavuno kwa eneo

Shina kubwa linapendeza macho, lakini ng'ombe anakula shamba zima. Shina lililopandwa mita 1 kwa 1 linaweza kutoa kilo 3 na mwenyewe akajisifu. La sentimita 50 kwa 50 likatoa kilo 1 tu, lakini kwenye mita hiyo hiyo ya mraba yako manne. Nani kashinda?

Ingia katikati ya shamba, usipime pembeni, maana mstari wa pembeni hula jua na udongo wa njiani na huwa unapendeza kuliko wenzake. Kama mistari iko mita 1, kata urefu wa mita 2 kwenye mstari mmoja. Hizo ni mita 2 za mraba. Funga, tundika kwenye mizani, umande ukishakauka. Kilo 4 maana yake ni kama tani 8 kwa ekari. Fanya hivyo sehemu tatu. Andika ukutani bandani pamoja na tarehe, kwa mkaa ikibidi. Bila namba hiyo, tutakuwa tunabishana tu.

Dalili: majani yana njano

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu kwa watu wengi njano ni moja na dawa yake ni Urea. Chuma jani moja la chini na moja la juu kabisa, uyalaze kiganjani pamoja.

Jani la chini likiwa la njano kuanzia nchani, njano ikishuka katikati kufuata uti wa jani kama herufi V, huku la juu likiwa kijani hafifu, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mmea unanyonya kutoka kwa wazee ili kulisha watoto. Njano ikijitokeza kwenye majani machanga ya juu wakati ya chini bado kijani, usikimbilie Urea. Mara nyingi hiyo ni salfa, na hapo SA ina faida kwa kuwa inabeba salfa pamoja na nitrojeni. Kingo za majani ya chini zikiungua kama zimepitiwa na moto, katikati pakiwa pazima, fikiria potasiamu. Rangi ya zambarau kwenye miche michanga, hasa milimani kwenye baridi, ni fosforasi, na ilipaswa kuwekwa shimoni siku ya kupanda.

Kuna njano nyingine isiyo ya njaa: kivuli. Shamba lililobanwa likishafunga juu, jua halifiki chini tena na majani ya chini hufa yenyewe. Kutofautisha, angalia kalenda. Njano ikianza wiki ya tatu baada ya kukata, wakati jua bado linagusa udongo, ni nitrojeni. Ikianza wiki ya tisa, majani yamekupita kichwa, umechelewa kukata. Mbolea utakayotia hapo itarefusha tu mabua.

Na kama ni bonde na maji yanatuama, chimba kidogo. Mizizi ya rangi ya kahawia, laini, yenye harufu ya tope bovu, haiwezi kunyonya hata ukimwaga mfuko mzima. Isitoshe, kwenye udongo uliojaa maji sehemu ya nitrojeni hugeuka gesi na kupotea. Toboa mfereji kwanza.

Dalili: umetia mbolea na hakuna kilichobadilika

Ukishapiga hesabu ya kizibo na kuona kiasi kilitosha, tafuta ilipopotelea.

Ya kwanza ni hewani. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo, na jua linawaka, hugeuka amonia na kuondoka na upepo. Ukipita shambani kesho yake na pua ikakuwasha kama uko kwenye banda la kuku, unanusa pesa yako. Chimba kijifereji cha kina cha vidole vitatu, kama sentimita 5, upande wa juu wa mteremko, weka mbolea, fukia. CAN haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana wavivu (nami mmoja wao) huipenda.

Ya pili ni chini. Mvua kubwa ya Aprili ikipiga udongo wa kichanga, nitrati, yaani nitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, huteremka nje ya mizizi. Gawa dozi: kidogo kila baada ya mkato badala ya mifuko yote siku moja ya kwanza ya masika.

Ya tatu ni samadi yenyewe. Wengi tunatandika maranda au magunzi bandani, halafu tunapeleka mchanganyiko huo shambani ukiwa bado mbichi. Wadudu wasioonekana wanaoozesha maranda wanahitaji nitrojeni, na wataichukua kwenye udongo kabla ya mabingobingo kuipata. Shamba hugeuka njano baada ya kutiwa samadi, mwenyewe akabaki haelewi. Iache ioze, ifunikwe na majani ya migomba isipigwe na jua wala mvua, hadi huoni tena chembe za maranda na mkono hauhisi joto ukiuchomeka ndani.

Ya nne ni wakati. Mbolea iliyotiwa siku ile ile ya kukata hukuta shina halina majani ya kufanyia kazi, na magugu yapo tayari. Palilia, subiri machipukizi yafike shibiri moja, udongo uwe na unyevu, ndipo utie. Kwenye ukavu, usitie kabisa. Hakuna mbolea inayokwenda mdomoni bila maji.

Dalili: marefu, membamba, yanalala

Huku kunahusu waliobana mashina, wakatia nitrojeni ya kutosha, kisha wakasafiri. Kila shina linamkimbiza mwenzake kutafuta jua. Ukipima uzito utafurahi. Ukiangalia kihori asubuhi utanuna: mabua yamelala pale, yametafunwa ncha na kuachwa. Kile kilichobaki kihorini si mavuno, na mimi hukitoa kwenye hesabu yangu.

Dawa si kung'oa mstari. Kata mapema. Mkato wa kwanza ni miezi mitatu hadi minne baada ya kupanda, ili mizizi ishike. Baada ya hapo ni kila wiki sita hadi nane, majani yakiwa kati ya kiuno na kifua, kama sentimita 60 hadi 100. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Ukikata juu zaidi, vichipukizi vyembamba vitatokea ubavuni mwa kisiki, dhaifu kama nywele za mgonjwa. Ukichokoa ndani ya udongo kiangazi, shina linaweza kufa.

Kama utakata kila wiki sita bila kukosa na mbolea ipo, kubana sentimita 50 kwa 50 kunalipa penye mvua nyingi. Kama unajijua ni mtu wa kukata ukipata nafasi, panda mita 1 kwa sentimita 50 na uishi kwa amani.

Dalili: matundu shambani, magugu yanatamba

Nafasi pana kwenye mkato wa kwanza lazima itoe kidogo, maana kuna ardhi isiyo na jani la kushika jua. Usiogope na using'oe. Mashina ya mabingobingo hutanuka, na likilishwa vizuri shina la mita 1 kwa 1 huziba sehemu kubwa ya tofauti kadiri mikato inavyoongezeka. Kwenye maeneo ya mvua haba nafasi hiyo ndiyo sahihi hasa: shina moja linahitaji udongo mpana wa kunywa. Kubana sehemu kavu ni kuwagawia watu kumi kata moja ya maji.

Kama nafasi imebaki wazi, panda desmodiamu, malisho ya jamii ya mikunde, katikati ya mistari. Inafunika udongo, inapunguza magugu, inavuta nitrojeni kutoka hewani na inaongeza protini kihorini. Lakini ukishaipanda, legeza mkono kwenye Urea. Nitrojeni nyingi huyapa mabingobingo nguvu ya kuifunika, na mikunde yenyewe hupunguza kazi ya kutengeneza nitrojeni inapoikuta bure. Nimeona watu wakinunua mbegu ya desmodiamu kwa bei ya juu kisha wakaiua kwa mbolea ya bei ya juu.

Wenzetu wa Kenya wana njia ya tumbukiza, na jina lenyewe limejieleza: mashimo ya upana na kina cha sentimita 60, udongo wa juu umechanganywa na samadi, pingili 5 hadi 10 kwa shimo, na sentimita kama 15 zinaachwa juu zikinge maji. Inafaa sana penye eneo dogo na ukame. Tahadhari ni ile ile ya kizibo: shimo moja la tumbukiza si shina moja, kwa hiyo gawa mbolea kwa eneo.

Dalili: mashina machache yamedumaa katikati ya wenzake

Hii tafadhali isomwe taratibu. Njaa ya nitrojeni hutandaa: upande wote wa shamba hupauka kidogo kidogo. Ukiona shina moja limegeuka njano, majani yamekuwa madogo, vichipukizi ni vingi na vifupi vimejikunyata kama fagio, na jirani yake wa sentimita 50 ni mzima wa kijani, huo ni ugonjwa wa kudumaa. Huanza kuonekana zaidi baada ya kukata, wakati wa kuchipua. Husababishwa na kijidudu kiitwacho fitoplazma, na husambazwa na panzi mdogo wa majani na pia kwa pingili tunazopeana kwa ukarimu. Umesumbua sana magharibi mwa Kenya na Uganda.

Huna uhakika? Tia mbolea kwenye mashina matatu yanayoshukiwa, fukia, mwagia maji. Baada ya wiki tatu, lenye njaa litakuwa limebadilika rangi. Lenye ugonjwa litabaki vile vile. Ling'oe na mizizi yake, uchome, na usichukue pingili kutoka shamba hilo hata kama ni la mjomba.

Mabua yenye suke jeusi la unga kama masizi ni jambo jingine, fugwe. Nalo halitibiwi kwa mbolea. Ng'oa, kisha tafuta aina inayostahimili. Kakamega 1 ilitolewa Kenya kwa kazi hiyo.

Dalili: majani yamejaa, maziwa hayaongezeki

Mara nyingi ni majani yaliyopitwa na wakati, protini imeshuka na mabua yamekomaa. Lakini kuna upande wa pili: majani machanga mno, yaliyotiwa nitrojeni nyingi, yana maji mengi. Ng'ombe anajaza tumbo maji, anaharisha. Yaanike yanyauke nusu siku, changanya na mabua makavu ya mahindi.

La hatari ni nitrati. Ukitia nitrojeni nyingi, kisha ukaingia ukame au mawingu ya siku nyingi, mmea hunyonya nitrati na kushindwa kuigeuza protini. Hujikusanya zaidi sehemu ya chini ya bua. Ng'ombe akila kwa wingi, ufizi hubadilika kuwa wa kijivu au kahawia, anahema haraka, anapepesuka, na damu huwa ya rangi ya chokoleti. Hilo ni la daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, si la kesho. Kujikinga: usikate kabla ya wiki tatu hadi nne tangu utie mbolea, na mvua ikirudi baada ya ukame, subiri siku kadhaa kabla ya kukata. Kukausha majani hakuondoi nitrati. Kuyavundika, yaani kuyashindilia na kuyafunika bila hewa hadi yachachuke, hupunguza.

Dalili: mwaka wa kwanza yalitoka, sasa yanashuka

Mbolea ni ile ile, nafasi ni ile ile, mizani inashuka. Kwanza inama utazame shina kwa juu. Shina kuukuu huwa kama pete: machipukizi pembeni, katikati visiki vikavu vilivyokufa. Hilo ni la kung'oa na kupanda upya, kwa zamu, robo ya shamba kila masika ili ng'ombe wasilale njaa.

Kama mashina ni mazima, fikiria potasiamu. Majani haya huondoka nayo kwa wingi kama nitrojeni au zaidi, na Urea hairudishi hata chembe. Sehemu kubwa ya potasiamu aliyokula ng'ombe hutoka kwenye mkojo, ule ule tunaouacha utiririke kwenye mtaro hadi barabarani. Tengeneza kidimbwi cha kuukinga na uurudishe shambani pamoja na tope la samadi; utashangaa kwamba ukirudisha mkojo unarudisha na nitrojeni.

Halafu tindikali. Miaka ya Urea, na hasa SA, hushusha pH, yaani udongo huzidi tindikali, na kwenye udongo mwekundu wa mvua nyingi mizizi huanza kuumia. Peleka udongo ukapimwe kabla ya kununua chokaa, kwa sababu chokaa isiyohitajika nayo ni hasara.

Ukibaki na shaka

Chagua mistari mitatu ya katikati, urefu wa mita 10 kila mmoja. Wa kwanza usitie kitu. Wa pili tia kipimo chako cha kawaida. Wa tatu tia mara mbili. Wiki ya saba kata mita 2 kwenye kila mstari, pima. Wa pili ukizidi wa kwanza na wa tatu ukizidi wa pili kwa wazi, shamba bado lina njaa. Wa pili ukizidi wa kwanza lakini ukalingana na wa tatu, usiongeze mbolea, angalia maji na siku za kukata. Zote tatu zikilingana, chukua jembe ukachimbe chini ya shina, maana huenda tatizo liko kwenye mizizi. Na mistari hiyo iwekee vigingi, kwa sababu kijana wa kukata majani ataipitia yote kwa panga moja kabla hujafika na mizani.